Waranti inaisha gari likiwa gereji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie waranti za magari mapya, hasa haya ya spoti tunayouziwa kwa bei ya nyumba.

Langu nilinunua likiwa jipya hapa Nairobi, kwa mkopo wa benki, na waranti ya miaka 3 ndiyo iliyonishawishi. Kabla ya mwaka kwisha giaboksi ikaanza kusumbua. Likishapata moto kwenye foleni, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, gia zinakataa kupanda, injini inanguruma na mwendo hauongezeki. Hebu fikiria hayo yakupate Thika Road, lori likiwa nyuma yako.

Kila nikilipeleka kwa wakala aliyeniuzia, fundi anaunganisha kompyuta, anafuta hitilafu, kisha narudishiwa ufunguo na karatasi inayosema tatizo halikuonekana. Likijirudia, lawama ni za mafuta ya vituo vyetu au za matuta. Niliwaomba watoe mafuta kwenye tangi wayapime. Hakuna aliyeyapima. Baadaye walikubali klachi zina kasoro, vipuri vikaagizwa Ulaya, na gari likakaa gereji kwa miezi. Benki iliendelea kukata, bima ilikuwa inakwenda, na waranti nayo ikahesabu kila siku ya kusubiri kana kwamba nilikuwa barabarani. Hili ndilo linaloniuma kuliko hata ubovu wenyewe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inamfunga muuzaji kwa ubora wa anachouza. Uingereza, chini ya sheria yao ya 2015, muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza. Ikishindikana, mnunuzi anaweza kurudisha gari. Tena kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza, huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, na muuzaji ndiye anayepaswa kuthibitisha vinginevyo.

Naiomba Mamlaka ya Ushindani, inayopokea malalamiko ya wateja, pamoja na wabunge wetu, waweke kikomo cha kutengeneza kasoro ileile. Siku ambazo gari limelala gereji zifidiwe kwenye waranti. Na wakala anayesingizia mafuta machafu alete majibu ya maabara.

Mnunuzi wa gari,
Nairobi