Hamisi, kabla hujaingia Leech Lake

Duluth, 12 Mei

Hamisi ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Ujumbe wako nimeupata: Jumamosi ya kwanza ya Juni, siku msimu wa kuvua maski, yule samaki mkubwa mwindaji wa maji baridi, unapofunguliwa hapa Minnesota, unaingia ziwa la Leech Lake na boti ya jirani. Safi sana. Ila orodha yako ya manunuzi imenichekesha. Chambo bandia kumi na nane, koleo hata moja hakuna! Kumi na nne zirudishe dukani, hela hiyo ina kazi nyingine.

Maski ukimwona utamkumbuka mzia wa kwetu Tanga: mwili mrefu, kichwa bapa, meno ya kukata. Hujibanza kando ya magugu, kisha huchomoka mara moja. Kinachowasumbua wageni ni kwamba mara nyingi hufuata chambo mpaka ubavuni mwa boti bila kukigusa. Wenyeji humwita samaki wa mitupo elfu kumi. Hiyo ni chumvi, lakini kumaliza siku nzima hujaguswa ni jambo la kawaida, kwa hiyo usibadilishe chambo kila dakika tano.

Fimbo iwe ngumu, ya futi 8 na nusu au 9. Rili iwe ile ya ngoma, na uzi wa kusukwa wenye nguvu ya paundi 80 au 100. Usishangae unene huo, hautokani na uzito wa samaki. Chambo cha gramu 100 kikiwa hewani na ngoma ikavuruga uzi, kinasimama ghafla. Uzi mwembamba hukatika papo hapo na chambo kinakwenda zake. Ndiyo maana dole gumba lisitoke kwenye ngoma, na likandamize pale chambo kinapogusa maji. Mbele ya uzi weka kipande cha waya, au cha flurokaboni (uzi mgumu wa plastiki) ya paundi 130, urefu wa sentimita 30 au zaidi. Bila hicho meno yatakata, na samaki ataondoka na ndoana mdomoni.

Chambo nne zinakutosha: mbili za bapa zinazozunguka zenye mkia wa manyoya, moja ya mpira, moja ya kuelea. Mwanzoni mwa Juni maji bado yana ubaridi na samaki wametoka kutaga karibuni, kwa hiyo chagua ndogondogo na uvute taratibu. Tafuta ghuba zenye magugu mabichi yanayoanza kuota, kina cha mita moja na nusu hadi tatu, utupe sambamba na ukingo wake. Magugu ya kahawia yaliyooza yapite.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo wageni wengi wanapompoteza. Kila mtupo, uwe umeona samaki au hujaona, umalizie kwa kuchora tarakimu 8 majini kwa chambo chako. Chambo kikibaki kama sentimita 40 kutoka nchani mwa fimbo, acha kuvuta, zamisha ncha ndani ya maji, kisha chora nane kubwa kwa mikono yote miwili. Kona ndiyo siri. Samaki wa zaidi ya mita moja hawezi kukata kona ya sahani; mpe kona ya sinia la pilau. Ukimwona anafuata usisite, maana chambo kikisimama anageuka na kuzama. Ongeza mwendo kidogo kwenye kona, shuka, panda, zunguka tena, mara nne au tano. Kosa lingine ni kuvuta mpaka kile kipande cha waya kinagonga pete ya nchani: pete inapasuka, na mtupo unaofuata uzi unakwaruzika mpaka ukatike.

Akidaka, usinyanyue fimbo juu kama mtu anayevua changu. Vuta kwa ubavu, kwa nguvu, kuelekea alikotoka, kwa sababu mdomo wake ni mgumu na ndoana haiingii kwa kubembelezwa. Kwa chambo cha kuelea, ngoja usikie uzito kwanza. Ukivuta kwa kuona maji yamelipuka, unamnyang'anya. Na breki ya rili iachie kidogo akiwa karibu na boti, maana uzi uliobaki ni mfupi na hauna mvutiko.

Vile vijino vya ndoana vinavyoizuia isichomoke, vibane kwa koleo vilale kabla hujaondoka nyumbani. Nunua wavu mkubwa wenye nyuzi zilizopakwa mpira, koleo refu, na mkasi wa kukatia vyuma. Akiingia wavuni mwache humo humo majini, usimlaze ndani ya boti. Ndoana ikikaa vibaya ikate, usishindane nayo. Atajitikisa na ndoana ya pili itaingia kwenye kiganja chako. Ukitaka picha, ingiza vidole chini ya kifuniko cha matamvua bila kugusa yale mekundu, mkono mwingine chini ya tumbo, umlaze hivyo hivyo. Kumning'iniza wima ni kumuumiza. Sekunde chache, kisha umrudishe na umshike mkia mpaka aondoke mwenyewe.

Kumla sahau. Hapa kwenye maji ya ndani ya jimbo urefu wa chini wa kuruhusiwa kumchukua ni inchi 54, karibu sentimita 137, na hata aliyefika hapo wengi tunamwachia. Usimchanganye na binamu yake, paiki: paiki ana madoa meupe juu ya mwili wa giza, maski ana alama za giza juu ya mwili mweupe. Ukiwa na shaka, hesabu vitundu chini ya taya: paiki hazidishi vitano kila upande, maski ana sita au zaidi.

Julai ukitaka kurudia, beba kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 27 za Selsiasi acha maski kabisa. Anaondoka anaogelea vizuri mbele ya macho yako, kisha anakufa baadaye.

Plagi ya boti itolewe ukitoka ziwani, ni sheria. Na Alhamisi usiku nipigie kwa video nilione fundo lako la uzi.

Wako,
Saidi