Viwanja vya watoto viwekewe fungu la matengenezo

Mhariri,

Katika mtaa wetu hapa Mombasa uwanja wa watoto ulifunguliwa kwa vigelegele, utepe ukakatwa. Leo pembea moja imebaki minyororo mitupu. Ya pili kibao chake kimepasuka katikati, na ufa ule ulimchana mjukuu wangu pajani. Fundi wa kuchomelea aliye jirani yetu aniambia ni kazi ya nusu siku. Wa kumlipa ndiye hayupo.

Kiini nakiona kwenye bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 yazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 kwa maendeleo. Kujenga uwanja ni maendeleo. Rangi, mlinzi, mafuta ya mashine ya kukatia majani, hayo ni matumizi ya kawaida, na huko mishahara humeza sehemu kubwa. Kwa hiyo uwanja mpya hupata pesa upesi kuliko kibao kipya cha pembea, jambo linaloniuma sana.

Wazazi wenzangu, kushirikishwa katika fedha za umma ni haki yetu kwa kifungu cha 201 cha Katiba. Makadirio yatakiwa yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha waanza Julai 1. Tukingoja Juni tumechelewa. Tusiombe uwanja mwingine. Tudai kila uwanja uliopo utajwe kwa jina na fungu lake la matengenezo, na mwakilishi wa wadi atusomee hadharani lilivyotumika.

Bibi wa wajukuu wanne,
Mombasa