Anayesema "siji" mapema naye ameitumikia timu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini kwa sisi tunaocheza mpira wa Jumamosi kwa kuchangishana ndilo linaloua timu moja baada ya nyingine hapa Moshi na kwa jirani zetu wa Arusha. Siku hizi kurasa za michezo zimejaa habari za AFCON ya 2027, ambayo Tanzania itaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na za uwanja mpya wa Arusha, nami huzisoma kwa furaha kama Mtanzania mwingine yeyote. Hata hivyo, uko mpira mwingine unaochezwa kwenye viwanja vya shule na timu za mtaa na za maveterani, ambao hauna mshahara wala mkataba, wala hauna mtu mwenye mamlaka ya kumlazimisha mwenzake atoke kitandani. Kinachozishika timu hizo zisimame ni neno la mchezaji tu, na ninacholalamikia leo ni mchezaji kuahidi kwamba anakuja kisha asitokee, bila taarifa.

Mimi ni katibu wa timu ya maveterani ambayo wachezaji wake wengi ni wakazi wa Pasua na Njoro. Katika orodha tuko 24, wakiwemo mafundi, walimu, madereva, wauzaji wa mitumba wa soko la Memorial, waongoza watalii na wagumu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani. Kila mmoja huchanga shilingi 5,000 kwa mwezi, na fedha hizo ndizo zinazonunua mipira, chokaa na dawa za kuchua misuli.

Septemba mwaka jana tulialikwa Arusha na timu ya maveterani wenzetu. Wachezaji 19 waliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba wanakwenda, nami nikakodi Coaster na kuwajulisha wenyeji idadi hiyo pamoja na viongozi 3, jumla watu 22. Jumamosi saa 12 asubuhi nilikuwa kituo cha mafuta tulipokubaliana kukutana, na ilipofika saa 1 kasorobo walioketi garini walikuwa 7. Nilianza kupiga simu, nikitembea huku na huku kando ya gari ambalo dereva alikwishaliwasha. Simu nyingine zilikuwa zimezimwa, nyingine ziliita mpaka zikakatika zenyewe, na waliopokea walisema wako njiani. Tuliwangoja dakika 40 nyingine bila kumwona hata mmoja. Tuliondoka, tukamchukua mwenzetu mmoja pale Boma Ng'ombe, tukaingia Arusha tukiwa 8, viongozi tukiwa tumehesabiwa humo humo.

Wenyeji walikuwa wamechora uwanja kwa chokaa mbichi, wameazima nyavu, na mwamuzi na wasaidizi wake wawili walikwishalipwa. Mwenyekiti wao, mzee wa makamo anayeheshimika sana pale mtaani, alitupokea mlangoni mwa gari, akatupa mikono mmoja mmoja, kisha akatazama barabarani nyuma yetu na kuniuliza kwa upole: "Gari la pili liko wapi, Katibu?" Sikuwa na la kumjibu. Aliposoma uso wangu alinishika bega, akaniambia tuingie tunywe chai kwanza.

Sheria ya 3 ya mpira wa miguu inasema mechi haiwezi kuanza wala kuendelea iwapo timu moja ina wachezaji chini ya 7, kwa hiyo tungepungua wawili tu, safari nzima ingekuwa ya bure. Wenyeji walituazima vijana wao watatu tukatimia 11, tukacheza, lakini kila aliyekuwapo alijua kwamba ile haikuwa mechi waliyotualika. Baadaye kina mama walipopakua ndizi nyama, niliziona sahani zilizopangwa mezani, na kwa jinsi zilivyopangwa safu kwa safu sikuhitaji kuhesabu ili nijue kuwa zilikuwa 22. Kodi ya gari, ambayo kwa watu 19 ingekuwa kama shilingi 13,000 kila mmoja, kwa watu 8 ilivuka 30,000, na miongoni mwetu alikuwamo fundi viatu ambaye alilipa sehemu yake bila kusema neno.

Wiki iliyofuata niliamua kuwatembelea wale ambao hawakutokea, mmoja baada ya mwingine, makwao na makazini mwao. Nilikwenda nikiwa na hasira, na hasira hiyo iliniisha nilipoanza kuwasikiliza. Mmoja alipata msiba usiku wa Ijumaa. Mwingine alikesha na mtoto mwenye homa. Watatu walinieleza waziwazi kwamba waliona majina ni mengi wakadhani pengo lao halitaonekana, kila mmoja wao bila kujua kuwa mwenzake anawaza vivyo hivyo. Aliyenigusa zaidi ni yule aliyeniambia, akitazama chini, kwamba hakuwa na nauli ya kuchangia gari na aliona aibu kulisema hilo mbele ya watu 23, akaona afadhali azime simu. Ningejua siku ya Alhamisi, kiti chake kingelipwa na mfuko wa timu na hakuna mtu mwingine ambaye angefahamu.

Katika watu wote hao sikumkuta hata mmoja asiyeipenda timu. Nilichokikuta ni watu waliolelewa, kama nilivyolelewa mimi, kuona kwamba kumkatalia mtu usoni ni utovu wa adabu. Ukialikwa, unaitikia. Kwa hiyo mtu anayejua moyoni kwamba hatakwenda huandika "tupo pamoja", au "nitajitahidi", au "Mungu akipenda", na katibu anayesoma maneno hayo huyahesabu kama ndiyo, kwa sababu naye ameona haya kumwuliza mwenzake kwa mkazo, "Kaka, unakuja au huji?" Maneno haya ni mazuri sana yanapotumika mahali pake; hata mimi simwagi mtu bila kumtaja Mungu. Lakini unapopanga gari, chakula na mwamuzi, "nitajitahidi" haina nafasi ya kuandikwa kwenye orodha, na aliyeitamka anabaki ameridhika kwamba ametimiza heshima, ilhali mwenyeji wa mbali anapika chakula chake.

Naomba nitoe mfano wa mwenzetu mmoja ambaye ni Msabato. Siku aliyojiunga na timu alitueleza, mbele ya wote, kwamba kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama asihesabiwe katika mchezo wowote, hata uwe wa fainali. Baadhi yetu tulinung'unika, kwa kuwa mechi zetu nyingi ni za Jumamosi, na tukasema mchezaji huyo atatufaa nini. Leo hii naweza kusema kwamba katika miaka minne ya ukatibu wangu sijapata mchezaji wa kumtegemea kuliko yeye. Mazoezi ya Jumatano yupo, mechi za Jumapili yupo, na akiandika "nakuja" mimi huacha kumfikiria na kushughulikia majina mengine. "Hapana" yake imenyooka, ndiyo maana "ndiyo" yake nayo imenyooka.

Tunaye pia kipa wetu, ambaye ni mmoja wa wale wagumu wa mlimani. Wanaoishi hapa Moshi wanajua jinsi kazi ya mlima inavyopatikana: mtu anapigiwa simu usiku kwamba kesho asubuhi kuna wageni wanaopanda, na asipoitika nafasi inakwenda kwa mwingine. Njia ya Machame huchukua siku 6 au 7, na sehemu nyingi za huko juu mtandao hushika kwa kubahatisha. Alikuwa akipotea wiki nzima bila taarifa, nasi tulikuwa tukimsema vibaya, mpaka siku moja nilipomwomba jambo moja tu: kabla hajaanza kupanda, aniandikie. Tangu hapo huniandikia akiwa kwenye foleni ya mizani pale getini Machame, wakati mizigo yao inapimwa isizidi kilo 20. Ujumbe wake huwa mfupi, "Napanda leo, Jumamosi sipo, tafuta kipa." Huo ndio uaminifu kwa timu ninaoujua mimi, na umetoka kwa mtu ambaye amehudhuria mechi chache kuliko karibu wote.

Wapo watakaosema dawa ni faini, kama inavyofanyika kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, na kwenye vikundi vya kufa na kuzikana. Sisi tulijaribu. Tuliweka faini ya shilingi 2,000 kwa atakayeahidi asitokee, na matokeo yake yalitushtua: wenye uwezo walilipa na kuendelea kutokuja, tena bila hata kuomba radhi, kwa kuwa waliona wamekwishalinunua kosa lao, na vijana wawili wenye kipato kidogo waliacha kuja kabisa kwa kuogopa deni. Baada ya miezi mitatu tuliifuta. Sitaki kuihukumu kwa timu nyingine, lakini kwetu ilifukuza tuliowahitaji.

Nisingetenda haki kama ningewalaumu wachezaji peke yao, kwa maana sisi viongozi tuna kosa letu katika jambo hili na pengine ni kubwa kuliko lao. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa gulio. Tangazo la mechi lilikuwa likibandikwa asubuhi, na kufikia jioni limefunikwa na video za kuchekesha, picha za maua za kutakiana siku njema, mabishano ya Simba na Yanga, na matangazo ya kiwanja kinachouzwa. Nimewahi kubadilisha muda wa mechi saa 4 usiku na kuwalaumu waliofika kwa muda wa zamani. Mbaya zaidi, tunao wenzetu watatu wenye simu za kitochi, zisizo na WhatsApp, ambao kwa miaka miwili walikuwa wakipata habari za timu kwa kubahatisha, wakikutana na mtu sokoni, na tulipowaona wamechelewa tulisema hawako makini. Mmoja wao ni yule fundi viatu niliyemtaja, ambaye siku ya safari ya Arusha alifika wa kwanza.

Hivi sasa tunafanya tofauti kidogo. Tumefungua kundi la pili la matangazo tu, ambamo mimi na nahodha peke yetu ndio tunaoandika, na lile la zamani tumeliacha liendelee na Simba na Yanga yake. Mechi ikitangazwa, kila mtu ana hadi Alhamisi saa 2 usiku kujibu kwa neno moja kati ya mawili, "nakuja" au "siji", na hakuna anayelazimika kueleza sababu, kwa sababu tuligundua kwamba watu hukaa kimya wakitafuta udhuru wa kutosha hali "siji" tupu ingetutosha. Wenye simu za kitochi nawapigia mwenyewe. Asiyejibu anahesabiwa kuwa haji, hata kama ni nahodha. Mwenye shida ya nauli anamwona mweka hazina pembeni, na mweka hazina ameapa kutomwambia mtu, hata mimi. Ijumaa mchana nawapa wenyeji idadi kamili, iwe 18 au 9, na ikiwa ni 9 nawaambia ni 9, waamue wenyewe kama wanatuongezea watu au tunaahirisha.

Msiba ukitokea baada ya hapo hakuna anayeulizwa, na Desemba watu wanapopanda Uchagani, vijijini kwao, hatupangi mechi za nje kabisa. Timu hii haikuundwa ili ishindane na familia za watu. Nasisitiza hilo kwa sababu nimesikia viongozi wa timu nyingine wakiwatuhumu wachezaji wao kuwa wasaliti kwa kukosa mechi, wakitumia maneno ambayo hata kocha wa timu inayolipa mishahara angeyafikiria mara mbili. Mtu mwenye miaka 45, anayelipa ada za watoto watatu na bado anavaa viatu vya mpira Jumamosi kwa hiari yake, hastahili kusemwa hivyo. Tunachoweza kumdai ni taarifa.

Ombi langu kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri, ni kwamba waandishi wako wa michezo wanapokwenda kwenye mabonanza yetu wasiishie kuandika nani kafunga na nani kapewa mbuzi. Wawaulize makatibu wanavyozikusanya timu zao. Yapo mengi ya kujifunza huko, na wengi wetu tunahangaika kila mmoja kivyake, kila wiki, na simu mkononi.

Wenyeji wetu wa Arusha wametualika tena, Jumamosi ijayo, na mwenyekiti wao alinipigia yeye mwenyewe. Ninapoandika barua hii ni Jumatano usiku. Wachezaji 15 wameandika "nakuja", 6 wameandika "siji", kipa wetu akiwa mmojawapo kwa kuwa yuko mlimani, na kipa mwingine ameshapatikana. Watatu bado hawajajibu. Nitawapigia kesho asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Wako katika michezo,
Katibu wa timu ya maveterani,
Pasua, Moshi.