Risala ya Wahitimu wa Ufundi Bomba kwa Mgeni Rasmi: Polima Tunazozifukia Mtaroni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wa mahafali haya, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wahandisi na mafundi wa maji mliohudhuria, wazazi, walezi na wageni waalikwa. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kuwa nasi. Risala yetu inahusu bomba la plastiki: limetokana na nini, linaungwaje, na kwa nini linavuja. Bomba la HDPE, yaani la polithini ngumu, lililotengenezwa kwa viwango hupigiwa hesabu ya kufanya kazi miaka 50 na zaidi. Likianza kuvuja mwaka wa pili, plastiki yenyewe ni nadra kuwa na kosa. Mara nyingi kosa liko kwenye kiungo, na kiungo ni kazi ya fundi pamoja na yule aliyempa fundi vifaa na muda. Hilo ndilo tunaloomba ulibebe utakapoondoka hapa.

Plastiki zote tunazofanyia kazi ni polima, yaani molekuli ndogo zilizoshikana mkono kwa mkono zikawa mnyororo mrefu. Polithini ilianzia Winnington, Uingereza, Machi 1933. Wanakemia wa kampuni ya ICI, Eric Fawcett na Reginald Gibson, walibana gesi ya ethilini pamoja na benzaldehaidi kwa mgandamizo unaokaribia mara 2,000 ya ule wa hewa, kwenye joto la nyuzi 170. Ndani ya chombo wakakuta nta nyeupe, chini ya gramu moja. Kuirudia ikawa shida. Desemba 1935 Michael Perrin na wenzake ndio walioipata tena, na sababu ilikuwa ya kushangaza: chombo chao kilivuja, wakaongeza gesi mpya, na gesi hiyo ilikuwa na oksijeni kidogo sana. Oksijeni hiyo ndiyo iliyoanzisha mnyororo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili plastiki hiyo ilitumika kukinga nyaya za rada.

Polithini hiyo ya kwanza ina minyororo yenye matawi. Matawi hayaruhusu minyororo kubanana, kwa hiyo plastiki yake ni laini; inafaa mifuko na nyaya kuliko bomba la presha kubwa. Mwaka 1953 Karl Ziegler, huko Mülheim, Ujerumani, aliunganisha ethilini bila mgandamizo mkubwa kwa msaada wa misombo ya alumini na titani. Minyororo ikatoka mirefu na iliyonyooka, ikapangana kwa kubanana, nayo plastiki ikawa ngumu. Hiyo ndiyo HDPE. Marekani, Paul Hogan na Robert Banks wa Phillips Petroleum walikuwa wamefikia plastiki ya namna hiyo mwaka 1951 kwa kutumia kromi. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Milano alitumia njia ya Ziegler kutengeneza polipropilini, na mwaka 1963 yeye na Ziegler wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel ya kemia. Wazee wa Tanga wanaijua polipropilini kwa upande wa uchungu: tangu miaka ya 1960 kamba zake zimechukua sehemu kubwa ya soko la kamba za mkonge.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuingie mtaroni.

Kabla bomba halijaungwa, lisomwe maandishi yake. PE100 maana yake ni kwamba plastiki hiyo inastahimili mkazo wa megapaskali 10 kwa miaka 50 kwenye maji ya nyuzi 20. SDR ni kipenyo cha nje kikigawanywa kwa unene wa ukuta. Bomba la milimita 110 lenye ukuta wa milimita 10 ni SDR 11, na kwa PE100 linabeba presha ya baa 16. Lenye ukuta wa milimita 6.6 ni SDR 17, nalo linabeba baa 10. Kwa macho mabomba haya mawili yanafanana, na la pili lina bei nafuu zaidi. Hapo ndipo miradi hupotea. Tangi likiwa kilimani, mita 120 juu ya kituo cha kuchotea maji, presha kituoni usiku, wakati hakuna anayechota, hukaribia baa 12. Bomba la baa 10 halina kazi hapo, hata likiungwa na fundi bora wa nchi hii.

Joto nalo linakula presha. Plastiki ikifika nyuzi 30 hubaki na asilimia 87 ya uwezo wake, na ikifika nyuzi 40 hubaki na asilimia 74. Bomba jeusi lililoachwa juu ya ardhi kwenye jua la mchana linaweza kupita nyuzi 50. La baa 16 likiwa nyuzi 40 lihesabiwe kuwa la baa 12 tu. Tena linarefuka: mita 100 za HDPE zikipanda nyuzi 20 huongezeka karibu sentimita 40. Fundi anayefunga ncha zote mbili saa nane mchana, bomba likiwa limenyooka kabisa, alfajiri atakuta limejivuta na kuchomoka kwenye kiungio. Lilazwe mtaroni kwa kupindapinda kidogo, lifunikwe kwa udongo laini usio na mawe, na ncha ziunganishwe asubuhi bomba likiwa limepoa.

HDPE haishiki gundi yoyote ya dukani, kwa sababu uso wake hauna kitu cha gundi kukamata. Inaungwa kwa kuyeyushwa. Kwa bomba la milimita 110 lenye ukuta wa milimita 10, kazi inakwenda hivi. Ncha mbili zinafungwa kwenye vibano vya mashine, kisha randa ya umeme inazikata hadi zitoe utepe usiokatika pande zote mbili. Zinasogezwa zikutane. Kama zimepishana zaidi ya milimita moja, yaani asilimia 10 ya ukuta, vibano virekebishwe. Baada ya randa, uso usiguswe kwa kidole, maana jasho na mafuta ya mkono yanatosha kuharibu.

Sahani ya moto iwe kati ya nyuzi 200 na 230, nayo ipimwe kwa kipimajoto juu ya uso wake. Taa ya swichi haitoshi kuaminiwa. Ncha zinabanwa kwenye sahani kwa nguvu ya takriban niutoni 470, sawa na uzito wa kilo 48, ukiongeza ile nguvu ambayo mashine inahitaji kulivuta bomba lenyewe. Nguvu hii ya kuvuta husahaulika mara nyingi, na bomba refu lililolala kwenye kokoto linaweza kuimeza presha yote ya geji. Pete ya plastiki iliyoyeyuka ikifika kimo cha milimita 1.5 kuzunguka bomba zima, presha inashushwa karibu na sifuri, na joto linaachwa lipenye kwa sekunde 100, yaani sekunde 10 kwa kila milimita ya ukuta. Kisha sahani inatolewa na ncha zinakutanishwa ndani ya sekunde 8. Presha inarudishwa taratibu hadi ile ya mwanzo, na bomba linakaa kwenye vibano, likiwa na presha, kwa takriban dakika 14.

Dakika hizo 14 ndizo zinazoibwa kuliko hatua nyingine yoyote. Msimamizi anahesabu viungo vya siku, na fundi anafungua vibano dakika ya tano au anamwagia maji ili kipoe. Nje kiungo kinapendeza. Ndani plastiki haijaganda, inavutwa na uzito wa bomba, na nyufa ndogo zinabaki zikisubiri presha. Kosa la pili ni kuchelewa kukutanisha ncha, hasa penye upepo: uso unafanya ngozi ya baridi, na ngozi mbili haziingiliani. La tatu ni kukandamiza kupita kiasi, ambako plastiki yote iliyoyeyuka inasukumwa nje na katikati hakibaki cha kushika. Kwenye meza ya maonyesho tumeweka viungo vilivyokatwa kwa urefu, vyema na vibaya. Tunakuomba uvishike. Pete ya kiungo chema ni ya mviringo, imelingana pande zote, na bonde lililo katikati yake halishuki hadi usawa wa bomba. Ikikatwa na kusokotwa haipasuki.

Mahali mashine haiingii, kama shimoni au kwenye ukarabati, tunatumia soketi yenye waya ndani inayopata moto kwa umeme. Hapa adui ni uso wa bomba. Jua na hewa vimeujengea tabaka lililooza ambalo haliyeyuki vizuri, na lazima likwanguliwe kiasi cha milimita 0.2 kwa kikwangulio chenye makali ya chuma. Msasa haufai: unalisambaza tu tabaka hilo na kuacha chembe. Mstari wa kina uchorwe kwa kalamu kabla ya kuingiza, ili ionekane kwamba bomba limefika katikati ya soketi. Jenereta ndogo inayoshusha volti katikati ya kazi inaacha kiungo nusu mbichi, na hakirudiwi. Kinakatwa na kutupwa.

PVC ni habari nyingine. Eugen Baumann wa Ujerumani aliiona mwaka 1872, na Waldo Semon wa B.F. Goodrich, Marekani, akapata njia ya kuilainisha mwaka 1926. Bomba letu ni la ile isiyolainishwa. Gundi yake inayeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo ncha ikatwe mraba, ichongwe mshazari kwa tupa, isafishwe, ipakwe gundi nyembamba, isukumwe hadi mwisho na ishikiliwe angalau nusu dakika. Presha isubiri saa 24. Tunapinga kwa nguvu zote mtindo wa kukunja PVC juu ya moto badala ya kununua elbo. Ukuta wa nje wa kona unakuwa mwembamba, na hapo ndipo bomba litapasukia.

PPR, ambayo ni polipropilini, ndiyo ya maji ya moto majumbani. Pasi yake inafanya kazi nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linapashwa sekunde 5, linaungwa ndani ya sekunde 4, na linaachwa dakika 2. Anayepasha sekunde 10 ili awe na uhakika anaziba tundu kwa plastiki iliyojaa ndani, halafu mwenye nyumba analalamika kwamba maji ghorofani ni haba.

Ule utepe mweupe tunaozungusha kwenye tredi nao ni polima, iitwayo PTFE au Tefloni. Roy Plunkett aliigundua Aprili 1938 akiwa DuPont, Marekani: mtungi wa gesi uligoma kutoa kitu ilhali uzito wake haujapungua, wakaupasua na kukuta unga mweupe. Utepe uzungushwe kufuata upande wa kukaza. Ukirundikwa mno kwenye tredi ya chuma inayoingia soketi ya plastiki, soketi inapasuka. Kwenye viungio vya kukaza kwa mkono vyenye pete ya mpira hautakiwi kabisa, maana pete ndiyo inayoziba. Pete hiyo inatokana na ugunduzi wa Charles Goodyear, ambaye mwaka 1839 alipika mpira pamoja na salfa ukaacha kunata na kukakamaa. Isipakwe grisi wala mafuta ya injini. Mpira unavimba, unalainika, na baada ya muda unaachia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna jambo moja kuhusu kupima presha, kwa sababu viongozi hualikwa siku hiyo. HDPE ikijazwa presha inatanuka polepole, na sindano ya geji inashuka hata kama hakuna tone linalovuja. Bomba lijazwe, litolewe hewa yote, lipandishwe presha, liongezewe maji hadi litulie, ndipo saa ya kipimo ianze. Viungo vyote viwe wazi. Mtaro uliofukiwa kabla ya kipimo unaficha kosa hadi barabara itakapolowana.

Kutokana na haya, tuna maombi manne. Kwanza, kila mkataba wa kulaza HDPE katika wilaya yetu udai daftari la viungo: namba ya kiungo, joto la sahani, presha, dakika za kupoa na jina la fundi. Pili, chuo kipatiwe jenereta ya kilovoltiampia 5 isiyoshirikiwa na karakana nyingine, vipimajoto viwili vya uso na vikwangulio vya kuzunguka bomba, kwa kuwa vilivyopo ni vya mkono na vinaacha madoa yasiyokwanguliwa. Tatu, mabomba ya PVC yanayosubiri miradi yawekwe chini ya paa na yalale kwenye mbao zilizo sawa, kwani jua linayafanya yavunjike kama kigae. Nne, malipo ya mafundi yasihesabiwe kwa idadi ya viungo kwa siku.

Kwa bomba tulilolitolea mfano, mashine moja ikifanya kazi kwa utaratibu huu inatoa viungo viwili kwa saa, pengine vitatu. Tunaomba ratiba za miradi zipangwe kwa hesabu hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.