Tawasifu za wanawake ni historia, si umbeya wa nyumbani

Kwa Mhariri,

Kila Siku ya Mashujaa inapokaribia, magazeti yetu hujaa masimulizi ya waliopigania uhuru, na wengi wanaosimuliwa ni wanaume. Mwanamume akiandika maisha yake, tunamwita shahidi wa historia. Mwanamke akiandika yake, swali la kwanza linaloulizwa ni kwa nini amemwanika mumewe. Mimi hufundisha fasihi, na swali hilo nimelisikia darasani, katika chumba cha walimu na hata kwenye mikutano ya wazazi. Naomba nafasi nilijibu.

Nianze na Wambui Waiyaki Otieno. Watu wengi wanamkumbuka kwa mambo mawili: kesi ya mazishi, na ndoa yake ya mwaka 2003 na kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Kesi yenyewe iliitikisa nchi nzima. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, kwenye shamba lao. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Mahakama Kuu, na baadaye Mahakama ya Rufaa, zilifuata mila, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga. Wambui hakwenda. Kwa miezi hiyo yote alizungumziwa na mawakili, wazee wa ukoo, wahubiri na waandishi wa habari. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema kuhusu mke anavyopaswa kuwa.

Miaka 11 baadaye alichapisha Mau Mau's Daughter. Anayekifungua kitabu hicho akitafuta ugomvi wa wakwe atasubiri sana. Wambui anaanzia kwa Waiyaki wa Hinga, babu wa babaye, aliyekabiliana na Waingereza walipoingia Ugikuyu. Kisha anaeleza jinsi alivyokula kiapo akiwa msichana mdogo, akaondoka nyumbani na kuifanyia Mau Mau kazi Nairobi, akikusanya habari na kusafirisha silaha. Anaeleza alivyozuiliwa Lamu, na alivyobakwa huko na ofisa wa serikali ya kikoloni. Wanawake wa rika lake wangapi wangeliandika jambo hilo kwa jina lao kamili, nchi nzima ikisoma? Kesi inakuja baada ya hayo yote. Kwa hiyo msomaji anapofika mahakamani, anayemwona kizimbani si mke mkaidi aliyeshindana na ukoo wa mumewe. Anamwona mtu aliyeanza kushindana na wenye nguvu tangu ujanani, na mahakama ni uwanja mwingine tu wa mapambano yale yale. Kwangu mimi mpangilio huo ni hoja kamili. Mahakama ilimsikiliza kama mjane tu. Katika kitabu chake, mjane ni sehemu moja ya maisha marefu.

Wangari Maathai naye tunamsifu kwa miti, na anastahili. Lakini Unbowed, kitabu chake cha mwaka 2006, ni pia historia ya majina yake. Shuleni aliitwa Miriam, baadaye Mary Josephine. Akiwa Marekani alilirudia jina alilozaliwa nalo, Wangari Muta. Alipoolewa akachukua jina la mume, Mathai. Ndoa ilipovunjika mahakamani mwaka 1979, mume akimtuhumu kwa uzinzi, ukatili na hata kumpandisha shinikizo la damu, alitakiwa aliache jina hilo. Akaongeza herufi moja, akawa Maathai, na jina hilo ndilo lililotangazwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa kumkosoa jaji katika mahojiano na jarida, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, akalala gereza la wanawake la Lang'ata siku tatu kabla ya kuachiliwa. Anaandika pia jinsi alivyokosa kipato hadi watoto wakaenda kukaa na baba yao. Ukurasa huo mimi huusoma kwa uchungu kila mara, kwa sababu ni jambo ambalo wanawake wengi wamelipitia na kulificha kama aibu yao.

Wapo wanaoniambia kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba mwanamke mwenye heshima hayatoi nje ya ndani. Ninawauliza: siri gani? Talaka ya Maathai ilisikilizwa hadharani, tuhuma zikachapishwa, mjini na vijijini watu wakazirudia. Mazishi ya Otieno yalijadiliwa hadi sokoni. Siri ilikuwa imeshamwagwa na wengine, na aliyetakiwa kunyamaza alikuwa mmoja tu, mwanamke mwenyewe. Taasubi ya kiume haimkatazi mwanamke kusimuliwa. Inamkataza kusimulia.

Sisemi kwamba kila mwanamke aliyeandika maisha yake aliona dhuluma zote. Sayyida Salme wa Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan, alijifundisha kuandika kwa siri kwa sababu wasichana wa jumba lao walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 alitoroka kisiwani akiwa mjamzito, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Ulikuwa ujasiri mkubwa. Na humo humo anautetea utumwa wa Zanzibar. Mtu anaweza kuikataa minyororo yake na asiione ya mtumishi wake. Ndiyo maana sauti moja ya binti wa mfalme haitoshi, na tunamhitaji pia mtu kama Bi Mishi wa Abdala wa Mombasa, mwanamke wa uzao wa watumwa, aliyesimulia maisha yake kwa mdomo wake pamoja na Bi Kaje wa Mwenye Matano na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliyaandika masimulizi hayo, yakatoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na baadaye kwa Kiswahili chao wenyewe. Mchapishaji wa matoleo yote mawili yuko Indiana, Marekani. Bibi zetu walizungumza Kimvita, na kitabu chao kinapatikana kwa urahisi zaidi katika maktaba za ng'ambo kuliko katika duka la vitabu la Mombasa. Jambo hilo linaniudhi, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Mhariri, haya ndiyo ninayoyaomba. Wachapishaji wetu wanunue haki za kuvitafsiri vitabu vya Wambui na Maathai kwa Kiswahili, na masimulizi ya Mombasa yachapishwe upya hapa hapa. Wanaoteua vitabu vya shule, wanapotafuta tawasifu ya kufundishia, wasiishie kwa Shaaban Robert, ingawa nampenda na nitaendelea kumfundisha. Gazeti hili nalo litenge ukurasa mmoja kwa mwezi ambapo wanawake wataandika maisha yao wenyewe: mama mboga, muuguzi, mjane aliyenyang'anywa shamba, mke wa pili. Wasiojua kuandika wasimulie, na mwandishi ayanukuu maneno yao bila kuyalainisha. Na jina la msimulizi liwekwe juu, mahali pa jina la mwandishi.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili,
Nyeri