Barua kutoka Lodwar

Lodwar, Februari

Kwako Akiru,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila jua limetuweza. Vijana wengi wa adakar, lile kundi la wafugaji wanaohama pamoja, wameshavuka na ng'ombe kuelekea Moroto, Uganda.

Nimeusoma ule mpango wako wa kujenga upya maeneo ya mpakani mwa Kenya na Uganda. Umeandika vizuri, lakini mimi na wewe hatufichani: warsha zimezidi. Ni ukumbi, posho na chai ya saa nne, halafu bwawa la Kobebe, kule Moroto, umelitaja kwa kupita tu! Kiangazi hiki Waturkana wa huku Kenya, na Wamatheniko na Wajie wa Karamoja, Uganda, wananywesha ng'ombe palepale. Mkataba wa amani ya mpakani uliotiwa saini Moroto Septemba 2019 mbele ya Uhuru na Museveni ni jambo jema, ila haumwambii mchungaji zamu yake ya maji ni lini, wala wizi ukitokea ampigie nani simu usiku huohuo, kabla nyayo hazijafutika. Anzia hapo.

Lile la bunduki ndilo limenikosesha usingizi. Unakumbuka amri ya Museveni ya Mei 2023, baada ya wale wanajiolojia kuuawa kule Moroto: Waturkana walipewa miezi sita kusalimisha wauaji na bunduki na kurudisha ng'ombe, la sivyo wafukuzwe wasirudi tena. Wewe nawe umeandika "kusalimisha silaha" kwa sentensi moja, kama vile ni kukabidhi kitambulisho getini. Nilimsomea mzee mmoja wa Loima kifungu hicho kwa Kiturkana. Akasogeza ekicholong chake, kile kigoda cha wazee, kivulini, akachora mchangani kwa fimbo: hapa sisi, hapa Wapokot, hapa njia ya ng'ombe. Kisha akaniuliza, "Bunduki nikiiacha Lokiriama, huku kwetu karibu na mpaka, nani atanisindikiza mpaka Kobebe?" Mimi nikanyamaza, na mpango wako nao umenyamaza.

Na Lokiriama yenyewe mbona hukuiandika? Waturkana na Wamatheniko walizika silaha pale mwaka 1973, na kila Septemba watu wa pande zote mbili bado hukutana kukumbuka. Kila upande unajua mvua ikikataa kwake ataomba malisho kwa mwenzake. Ningekuwa wewe, fedha za nusu ya warsha zingekwenda kuchimbua tope bwawani na kuwalipia wazee wa pande mbili mafuta ya pikipiki wafuate mifugo iliyoibwa.

Njoo kabla mvua haijaanza, maana wachungaji wakisharudi huku kuwakusanya ni kazi. Ukija beba tumbaku ya wazee. Projekta iache Kitale.

Mama anakusalimu, anauliza sufuria yake itarudi lini.

Ni mimi rafiki yako,
Ekai