Hakuna asilimia salama ya kunakili

Mhariri,

Makala yenu kuhusu hakimiliki nchini Marekani ilidai kwamba kunakili chini ya asilimia 10 ya kazi ya mtu ni matumizi ya haki, yaani kunakili kunakoruhusiwa bila kibali cha mwenye kazi. Kipimo hicho hakimo katika sheria. Kifungu cha 107 cha sheria ya 1976 kinaitaka mahakama ipime kwa pamoja mambo manne: madhumuni ya matumizi, aina ya kazi, kiasi na uzito wa sehemu iliyochukuliwa, na athari kwa soko lake.

Mwaka 1985 jarida la The Nation lilishindwa katika Mahakama ya Juu kwa kunukuu maneno yapatayo 300 tu kutoka mswada wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford, uliokuwa na maneno kama 200,000. Maneno hayo yalikuwa kiini cha kitabu ambacho kilikuwa hakijachapishwa. Tena jarida la Time, lililokuwa limekubali kulipa dola 25,000 kwa dondoo za kitabu hicho, likakataa kulipa nusu iliyobaki kwa kuwa The Nation lilikuwa limetangulia kuchapisha. Asilimia ingesaidia nini hapo?

Naomba mchapishe masahihisho. Anayetaka kunakili naye aanze na soko: je, nakala yake itachukua nafasi ya ile inayouzwa? Ikiwa ndivyo, aombe leseni mapema. Kutaja jina la mwandishi peke yake hakutamwokoa.

Msomaji wenu